Suruali Ndefu: Usianze na Mkasi

Soin ni upande wa chini wa kaunti ya Kericho. Ukishuka kutoka kwenye mashamba ya chai baridi inapungua, miwa inaanza kuonekana, na mpaka wa Kisumu hauko mbali. Kijana wetu wa Pwani aliyepelekwa huko kikazi atazoea ugali na maziwa upesi. Tope ndilo litakalomsumbua. Hapa kwetu suruali inayoburura huokota mchanga, ukaikung'uta, basi. Kule hulowa umande asubuhi na kushika tope mchana, na haipiti miezi mingi upindo umeoza, nyuzi zinaning'inia.

Na suruali nyingi za sokoni ni mitumba, zilizokatiwa watu warefu wa Ulaya. Fundi huenda yuko mbali, au amezidiwa na sare za shule. Basi shona mwenyewe. Wanaosema sindano ni ya wanawake wakawaulize mafundi wa kanzu wa Mombasa.

Anayeanza hukimbilia mkasi, na hapo ndipo nguo huharibika. Ifue kwanza ikauke, maana pamba hupungua ikiingia maji. Kisha ivae na mshipi wake na viatu utakavyotembelea, usimame wima, mwenzako aweke alama. Ukiinama mwenyewe suruali hupanda na alama itakudanganya. Chaki ikikosekana, kipande cha sabuni kinatosha. Pima miguu yote miwili, kwani si kila mtu miguu yake iko sawa.

Chini ya alama acha sentimita 4 ndipo ukate: 1 ya kukunja ndani ili ukingo usifumuke, 3 za upindo wenyewe. Piga pasi mikunjo yote, piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, uivae tena ujitazame.

Ikikukaa, shona kwa ndani kwa uzi wa rangi ya suruali. Sindano ichukue nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha nje, ndipo mshono hautaonekana kwa mbele. Usiuvute uzi sana, kitambaa kitajikunyata. Jinzi ni ngumu pale mishono ya ubavuni inapokutana. Wengine hupagonga kwa nyundo kwanza, na inasaidia kweli. Vaa subana.

Suruali za siku hizi zinazobana kwenye kifundo zina tabu yake. Ukingo unaoukunja kwenda juu ni mwembamba kuliko mguu pale unapofikia, kwa hiyo unavuta na kufanya makunyanzi. Dawa ni kufumua mishono ya ubavuni ya kile kipande cha chini, mpaka karibu na mkunjo, ukingo upate kutanuka. Usiufumue kupita mkunjo, utaonekana nje.

Sare ya mtoto ni habari nyingine: usikate hata kidogo. Kunja ziada yote ndani, shona kwa mishono mirefu, na akirefuka unafumua na kushusha. Mstari wa upindo wa zamani utaonekana kidogo, lakini mzazi aliyeisikia bei ya sare mwezi wa Januari hatalalamika. Na vile vipande ulivyokata kwenye suruali zako usivitupe. Magoti yakitoboka, kiraka cha kitambaa kile kile hukipati dukani.