Ufunguo wa Kituo cha Vijana Uko kwa Nani?

Kama ungepita Kikwe jioni katika miezi ile ya mwanzo, ungewaona vijana wamekaa juu ya pikipiki zao kando ya barabara. Kituo cha vijana kilikuwa hapo hapo karibu. Kilikuwa na mabenchi, ubao na mpira. Lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Wazazi walikuwa wakituuliza sisi watu wa elimu: "Hivi vijana wa siku hizi wanataka nini?" Jibu tulilipata baada ya kukosea sisi wenyewe.

Tulianza kwa kuwaita vijana Jumamosi, saa nne asubuhi. Walikuja watano. Juma la pili wakaja wawili. Tukasema, aa, hawa ni wavivu. Kumbe wavivu tulikuwa sisi, wavivu wa kuuliza. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Siku hizo msichana amebeba nyanya za mama yake, na kijana wa bodaboda anachukua abiria toka alfajiri. Ndiyo siku yake ya pesa. Nani atakuja kusikiliza somo?

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa mengi yaliwekwa alasiri, kazi za shamba zikiisha. Nasi tunaolipwa kwa kazi hiyo hiyo tulisahau!

Basi, tukawauliza vijana. Wavulana walitaka Jumapili saa kumi na moja jioni. Wasichana wakakataa. Walisema saa hiyo ni ya maji, kuni na kupika. Walibishana sana, mwisho zikawekwa saa mbili tofauti. Kwa hiyo ukiona kituo kina wavulana watupu, usiseme wasichana hawapendi. Tazama saa. Tena tazama nani anabaki na mtoto, maana baadhi yao ni mama tayari. Tulitandika mkeka nyuma ya chumba, watoto wakacheza hapo. Tulipowaeleza kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, wawili walisema ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Kazi na daftari

Mpira peke yake haumshiki kijana. Kijana anataka shilingi. Mererani si mbali na sisi, na tangu tanzanaiti ilipogunduliwa mwaka 1967 vijana wamekuwa wakienda kutafuta bahati. Wapo waliopata. Lakini mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliua makumi ya wachimbaji ndani ya mashimo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya machimbo. Kijana mmoja wa miaka 16 alituambia, "Sawa mwalimu, nisiende. Sasa nifanye nini?" Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu la siku ile.

Jibu lilianza kidogo kidogo, kwa kuku na bustani ya vitunguu. Kila mmoja alitoa alichonacho, na kila shilingi ikaandikwa. Daftari hilo lina faida kubwa. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopaji awe ametimiza miaka 18, na kikundi kiwe kimeandikishwa. Kikundi kisichojua kilipata nini na kilitumia nini, mkopo utakigombanisha tu.

Hapa wewe uliyesoma darasa la watu wazima unahitajiwa. Unajua kuandika mapato upande huu na matumizi upande ule. Njoo Jumapili uwaonyeshe. Ila ukishaonyesha, rudisha kalamu.

Sasa, habari ya ufunguo. Tulikuwa tunakaa nao sisi. Tukiitwa semina mjini, kituo kinafungwa juma zima. Vijana wakasema, "Hiki ni kituo chenu, siyo chetu." Tukawapa, msichana mmoja na mvulana mmoja, waliochaguliwa na wenzao. Mwezi wa kwanza mpira ulipotea. Wazazi walikuja juu: "Si tuliwaambia? Nyang'anyeni huo ufunguo!" Kusema kweli, hata sisi tulitamani. Tukajizuia. Vijana waliitana wenyewe, wakagombana mpaka giza likaingia, wakachangishana wakanunua mpira mwingine. Wakaandika na bei yake daftarini.

Fomu ya kuandikisha kikundi chao sasa iko kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Waliijaza wenyewe. Sisi tulisahihisha tarehe tu.