Ukifika Wawi Utalala Wapi?

Pengine una mtoto aliyepewa kazi Pemba, au ndugu yako yu mgonjwa huko, nawe huna jamaa wa kukupokea. Basi habari hizi ni zako.

Mwenye kusafiri kwa ndege hushuka Wawi penyewe, maana kiwanja cha ndege cha Pemba kipo huko, karibu na mji wa Chake Chake. Lakini wengi wetu tutakwenda kwa meli. Ukishuka Mkoani utapanda gari la abiria mpaka Chake, mwendo wa kilomita kama 30, kisha utatafuta gari la Wawi.

Kabla ya habari ya kitanda, tuseme kidogo juu ya meli. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Hata hesabu ya waliokuwamo ilibishaniwa, kwa kuwa hawakuandikwa wote. Kwa hiyo ukikata tiketi, toa kitambulisho, utazame jina lako limeandikwa sawasawa, na majina ya watoto pia, hata yule wa mgongoni. Usisafiri kwa tiketi ya mtu mwingine, hata ukipewa bure. Na ukiona meli imejaa mno, shuka.

Haya, umefika. Usiulize hoteli, maana kwa watu wengi hoteli ni mahali pa kula, nawe utaelekezwa kwenye masufuria ya wali. Uliza nyumba ya wageni, au gesti. Ukikosa Wawi, rudi Chake, si mbali.

Fika mchana. Omba uonyeshwe chumba kabla ya kutoa fedha: fungua bomba, tazama chandarua kama kina tundu, jaribu komeo ukiwa ndani. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama chai ya asubuhi imo. Mimi mwenyewe, safarini mahali fulani, nilikunywa chai na chapati tatu nikidhani zimekwisha kulipiwa. Nilipoletewa hesabu, nauli yangu ikaishia hapo, nikaendelea kwa miguu. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza.

Ukiletewa kitabu cha wageni, andika jina lako la kweli na kwenu ni wapi. Wako wanaoandika jina la uongo kwa mzaha. Je, ukizidiwa na homa usiku, ataitwa nani?

Mume na mke wasikasirike wakiulizwa cheti cha ndoa. Baadhi ya nyumba hutaka kukiona. Sisi makarani wa parokia twajua ni vingapi vimeachwa sandukuni mpaka panya wakavila.

Umeme wa Pemba huja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, lakini hukatika kama kwingine, basi chukua tochi.

Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Pombe usiingize nyumbani mwao. Akina mama wawe na kanga ya kujifunika mabegani. Mwezi wa Ramadhani mikahawa hufungwa mchana. Nunua mkate mapema, ule chumbani mlango umefungwa.

Msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia. Usizikanyage, hiyo ni ada ya shule ya watoto wa mtu. Siku hizo wageni ni wengi, basi piga simu kabla ya kuondoka kwenu. Na ukisikia harufu kali hapo Wawi usishangae, kipo kiwanda kinachotoa mafuta katika makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu.

Siku ya kurudi, uliza tangu jana yake meli itaondoka saa ngapi. Gari la Mkoani halimngoji mtu anayemalizia chai.