UZI: Nani ana ruhusa ya kukata mti Turkana?

1/ Kila msimu wa kampeni huku kwetu, Lodwar, Kakuma mpaka Nariokotome, hoja ya makaa lazima itokee. Mmoja anasema "tutapiga marufuku." Mwingine anajibu "acheni mama atafute unga." Wote wanapigiwa makofi. Wadau, tuelewane leo.

2/ Kwanza, ardhi yetu si ya kuokota. Katiba ya 2010, Kifungu cha 63, inasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii. Kama haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba yetu chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kushikilia si kumiliki. Kaunti hairuhusiwi kuiuza.

3/ Pili, miti nayo ina wenyewe. Waturkana tuna ekwar: sehemu ya msitu kando ya mto ambayo familia fulani ina haki ya kuitumia, hasa kiangazi. Kando ya Turkwel, mgeni hakati ewoi ovyo, anauliza kwanza. Matunda ya ewoi ndiyo mbuzi wanakula nyasi zikiisha. Ukiukata kwa magunia machache ya makaa, umeuza chakula cha ukame ujao.

4/ Tatu, makaa si haramu yenyewe. Kanuni za 2009 zinataka leseni ya kuchoma na kibali cha kusafirisha. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Sawa, lakini katazo pekee halimpi mtu unga.

5/ Kwa nini watu wanakata? Wengi wanaochoma makaa ni watu waliopoteza mifugo kwa ukame. Wanunuzi wako Lodwar, na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992. Kumlaumu mkimbizi jukwaani ni rahisi. Lakini gunia huuzwa na mtu, na mara nyingi muuzaji ni sisi wenyewe.

6/ "Si wakate mathenge tu?" Wazo zuri, maana etirae ni mti wa kigeni unaovamia malisho, na makaa yake ni mazuri. Shida ni mbili. Ukikata bila kung'oa kisiki, unachipuka tena. Halafu ndani ya gunia, makaa ya mathenge na ya ewoi ni vigumu kutofautisha. Kwa hivyo ukaguzi wa barabarani pekee hautoshi. Lazima uanzie pale mti unapokatwa, na anayejua mahali pale ni mwenye ekwar.

7/ Basi mgombea akija kwenu, muulize matatu:
- Jamii yetu itasajiliwa lini? Ikisajiliwa, ardhi haitolewi bila thuluthi mbili ya wanachama watu wazima kukubali.
- Ekwar itaandikwa kwenye kanuni za jamii, au itabaki maneno ya wazee tu?
- Anayechoma makaa leo, miezi ya ukame atakula nini?

8/ Mali bila daftari hupotea bila habari. Akijibu mawili ya kwanza na kuruka la tatu, jua anakuuzia marufuku tu, na usiku shoka zitaendelea kulia kule laga. Kama kwenu ekwar bado inaheshimiwa, tuandikie hapa chini inavyofanya kazi.