Beki wa bure anaweza kukuokolea pesa kwa eFootball, ila umjenge vizuri

KILA msee anayecheza eFootball kwa simu, awe Nyeri, Karatina au Nanyuki, atakutajia mastraika wake watatu bila kufikiria. Muulize alivyomjenga beki wake wa kati, anaanza kukohoa.

Halafu akichapwa manne utamsikia: "Beki gani huyu!" Na hapo ndipo pesa huanza kutoka. Konami ilibadilisha PES kuwa eFootball mwaka 2021, na kuipakua ni bure. Kampuni hupata hela yake unaponunua koini za kusaka mastaa. Google Play inakubali M-Pesa, kwa hivyo kati yako na beki mwenye jina kubwa kuna PIN tu. Hela ya lanchi inaenda, nauli ya kesho inaenda, na kadi uliyotaka haitoki.

Tena mtaani mechi nyingi huwa na kitu mezani. Kwenye vibanda vya PS sheria ni ile ya zamani: anayefungwa analipa. Kwenye simu, vijana huchanga hamsini hamsini au mia mia, mshindi anabeba. Kwa hesabu hiyo, bao usilofungwa ni pesa iliyobaki mfukoni.

Habari njema ni kwamba beki wa kawaida, yule unayemsajili kwa GP ulizopata kwa kucheza tu, anaweza kusimama imara. Shida ni vile watu humjenga.

Kila mchezaji akipanda leveli moja unapata pointi 2 za kumkuza. Beki anayefika leveli 30 atakuwa amekupa pointi 58. Wengi hubonyeza ile ya kugawa pointi yenyewe na kusonga. Wengine wanaona neno "Defending" na kumwaga karibu kila kitu hapo, kwa sababu ndipo penye uwezo wa kunyang'anya mpira. Inaonekana ni akili, lakini angalia bei.

Hatua 4 za kwanza katika kila sehemu zinagharimu pointi 1 kila moja. Kuanzia ya 5 hadi ya 8 ni pointi 2. Ya 9 hadi ya 12 ni 3. Ya 13 hadi ya 16 ni 4. Ni kama kupanda mlima: mwanzo unatembea ukipiga stori, huko juu kila hatua inakutoa jasho.

Sasa piga hesabu. Kufika hatua ya 12 kwa Defending unatumia pointi 24. Kufika ya 16 unatumia 40. Yaani hizo hatua 4 za mwisho zimekula pointi 16 ili unyang'anyaji uongezeke kwa 4 pekee. Pointi 12 kati ya hizo zingekupa hatua 8 nzima kwa sehemu nyingine.

Ndiyo maana mgao huu unafaa zaidi kwa beki wa kati mwenye pointi 58: Defending hatua 12 (pointi 24), Lower Body Strength hatua 8 (pointi 12), Aerial Strength hatua 8 (pointi 12), na Dexterity hatua 7 (pointi 10). Jumla 58, hakuna inayobaki.

Kwa nini hizo nyingine? Lower Body Strength inaongeza mbio na pumzi. Beki mwenye mguu mkali wa kunyang'anya lakini mzito ni kama askari mwenye rungu anayemfukuza mwizi wa bodaboda. Hamfikii, na rungu halina kazi. Dexterity inampa mwanzo wa haraka na mizani, ili winga akikata ndani asibaki ameduwaa. Aerial Strength inamfaa kwa kona na krosi, na pia inaongeza nguvu ya kugongana mabega.

Usinakili mgao huo bila kumwangalia mchezaji. Beki mrefu kama Virgil van Dijk tayari ana hewa yake, hivyo mwongezee mwendo. Mfupi naye si wa kutupwa. Fabio Cannavaro ana sentimita 176 tu, lakini alikuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia 2006, na mwaka huohuo akapewa Ballon d'Or. Beki wa aina hiyo anataka wepesi na kusoma mchezo, asiende kushindana na majitu hewani.

Baada ya pointi, kuna ujuzi. Kama una nafasi ya kumwongezea, anza na Interception na Blocker, ndipo ufikirie mambo ya kuteleza chini. Kuteleza kunapendeza kwa video, lakini ukikosa mpira ndani ya boksi umetoa penalti.

Na hapa ndipo namba zinaishia. Beki mwenye 90 ya kunyang'anya atapitwa kama kidole chako kimekwama kwenye Pressure dakika zote 90, ukimtoa kwenye laini na kuacha shimo nyuma yake. Tumia Match-up, simama mbele ya mtu, mfungie njia, ngoja aguse mpira vibaya. Kiungo ndiye wa kukimbiza. Beki wa kati anangoja.

Kama unadhani kungoja ni uoga, kumbuka Agosti 10, 2025 pale Kasarani. Chrispine Erambo alilishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Harambee Stars ikacheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Bao moja la Ryan Ogam likatosha kuilaza Morocco, ambayo baadaye ndiyo iliyobeba kombe hilo la CHAN. Huwezi kulinda 1-0 dakika 45, ukiwa umepungukiwa na mtu, kwa kurukia kila mpira unaopita.

Kwa hivyo kabla hujaweka PIN wikendi hii, fungua kikosi chako, chagua beki mmoja wa GP, na umgawie pointi zake kwa mkono wako. Mchezeshe mechi kumi. Ukiona bado anapitwa kama mlango wa matatu, angalia kwanza kidole chako kabla ya kuangalia salio lako.