Silinda Iliyochorwa kwa Chaki

Majuma mawili yaliyopita tulikuwa katika garaji moja ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, tukingojea gari letu litengenezwe breki. Kando yetu ilikuwako teksi, Toyota yenye injini ya lita 1.8, boneti imefunguliwa, na chini yake karai la oili nyeusi, nzito kama lami. Mwenye teksi alikuwa ameketi juu ya tairi, shavu mkononi. Injini ilikuwa imekwama, maana kwa muda wa mwaka mzima hakubadilisha oili. Kila alipokusudia kufanya hivyo ilitokea ada ya shule, au kodi ya nyumba. Fundi mkuu alikuwa amekwisha kumtajia bei ya injini nyingine, na tangu hapo hakusema neno.

Vijana wanaojifunza kazi walikuwa pembeni wakibishana. Mmoja alikuwa na picha katika simu yake: injini ya merikebu, na juu yake mtu amesimama, mdogo kama siafu. Mwenziwe alikataa katakata. "Huo ni uongo. Hakuna moteri ya namna hii." Ndipo walipotugeukia sisi: "Papa, ninyi mnaosoma vitabu, ni kweli?"

Ni kweli. Na kwa kuwa swali lao lilitukaa moyoni, twapenda kulijibu hapa kwa urefu kuliko tulivyoweza siku ile.

Injini ile ni ya aina iitwayo RT-flex96C, iliyobuniwa na kampuni ya Wärtsilä ya Finland. Iliyo kubwa kupita zote za aina hiyo ina silinda 14, na ya kwanza ilitiwa katika merikebu Emma Mærsk ya Denmark, mwaka 2006. Merikebu yenyewe ina urefu wa meta 397, karibu viwanja vinne vya mpira vikifuatana. Injini yake ina urefu wa meta 27 hivi, na kimo cha meta 13 na nusu, kama nyumba ya ghorofa nne. Uzito wake wapita tani 2,300. Kama ingewezekana kuikatakata na kuipakia katika mabehewa ya tani 40, yangehitajika mabehewa 58.

Lakini hesabu za namna hii huingia sikio hili na kutokea lile. Kwa hiyo tuliomba chaki, tukachora sakafuni duara lenye upana wa sentimeta 96. Huo ndio upana wa silinda moja. Vijana watatu waliingia wakasimama bila taabu. Wa nne akajibana, na wote wakacheka. Kisha tukawaonyesha ukutani kimo cha meta mbili na nusu: huo ndio mwendo wa pistoni toka chini hata juu. Ukipiga hesabu utapata lita 1,800 na kidogo katika silinda moja. Sasa tazama ile Toyota. Lita 1.8 ni injini yake yote, silinda nne kwa pamoja. Basi silinda moja ya merikebu ni sawa na injini elfu moja za teksi ile, na injini nzima ni sawa na teksi elfu kumi na nne.

Hapo fundi mkuu, aliyekuwa ameinamia breki zetu, aliinua kichwa. Hakuuliza habari za ukubwa. Aliuliza: "Inazunguka mara ngapi?"

Tulimwambia: mara 102 kwa dakika. Alidhani tumesahau sifuri. Gari likisimama tu kungojea abiria, injini yake huzunguka mara 700 au 800 kwa dakika, na likikazwa hufika 6,000. Mara 102! Mtu aweza kuzihesabu kwa kupiga makofi.

Na hii ndiyo ajabu yenyewe, ambayo picha haiwezi kuionyesha. Nguvu ya injini ile ni kilowati 80,080, yaani karibu nguvu za farasi 109,000. Teksi ile ina nguvu za farasi kama 130. Ukigawanya utaona ya kwamba merikebu ina nguvu za teksi 840 hivi, wala si za teksi 14,000. Kijana mwenye simu alisikitika, kana kwamba tumemnyang'anya kitu. Walakini polepole ile si udhaifu. Imetakwa hivyo na waliobuni. Panga la merikebu, lile linalosukuma maji, hufanya kazi vema likiwa pana na likizunguka taratibu, nalo limefungwa moja kwa moja na injini bila sanduku la gia. Tena mafuta yanayopewa nafasi ya kuungua hutoa faida zaidi. Katika injini ile nusu ya joto la mafuta, na zaidi kidogo, hugeuka kuwa kazi. Injini ya petroli ya gari hupoteza kiasi cha theluthi mbili katika rejeta na bomba la moshi.

Fundi akataka kujua inavyowashwa. Staata haina. Hewa iliyoshindiliwa katika matangi hufunguliwa ghafula, ikasukuma pistoni hata injini ishike moto wake yenyewe. Gia ya kurudi nyuma nayo haina: husimamishwa, kisha huwashwa izunguke kinyume. Katika gari konrodi huinama kushoto na kulia chini ya pistoni yenyewe, na pistoni hugandamizwa kwenye ukuta wa silinda. Katika injini ya merikebu pistoni ina mti wa chuma ulionyooka, unaopanda na kushuka bila kuinama. Kiungo kinachoinama kiko chini, nje ya silinda, kikiteleza katika njia zake. Hivyo ukuta hauliki upande mmoja, na masizi hayashuki kuchafua oili ya kranki. Fundi aliposikia habari ya oili alitupia jicho karai la teksi, asiseme kitu.

Chakula cha injini hizo si mazutu kama ya malori yetu. Ni masalio ya petroli ghafi baada ya mafuta mepesi kuondolewa, mazito mno, ambayo hayana budi kupashwa moto ndipo yatiririke. Injini ile ikitumia nguvu zake zote hula karibu tani 14 kwa saa. Moshi wake ulikuwa na salfa nyingi, na sisi watu wa Lubumbashi, tuliokaa kando ya tanuri za shaba tangu mwaka 1911, hatuhitaji kuelezwa salfa inavyokwaruza koo. Tangu tarehe 1 Januari 2020 sheria ya bahari imeshusha kipimo cha salfa katika mafuta ya merikebu kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Wenye merikebu nao, kwa ajili ya bei ya mafuta, wamejifunza kupunguza mwendo: merikebu kubwa zaidi ambazo kampuni ile ile ilizipata mwaka 2013 zilipewa injini mbili ndogo, kila moja kilowati 30,000 hivi.

Aliyezaa jamii hii yote ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ya kwanza iliyofaulu ilifanya kazi Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 injini moja ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, maana serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kupata nguvu kutoka mashamba yao wenyewe. Karanga hizi hizi zinazouzwa kwa vikopo sokoni! Mwaka 1912 Wadenmark waliitoa Selandia, merikebu kubwa ya kwanza ya bahari kuu iliyoendeshwa kwa injini za dizeli. Mwaka uliofuata Diesel alitoweka usiku katika safari ya kwenda Uingereza kwa merikebu, akaonekana baadaye maiti baharini.

Vijana walisikiliza, kisha mmoja akasema, kwa uchungu kidogo, kwamba makuu yote yako mbali. Sivyo. Umeme unaowasha mashine za kuchomelea za garaji ile hutoka kwa mitambo ya maji, nayo si midogo. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza mwaka 1930. Mashine zake sita zilitengenezwa upya, na mwaka 2021 zikarudishwa kazini zikiwa na megawati 78 hivi. Kituo cha Nseke, kwenye mto Lualaba, ni cha mwaka 1956: mashine nne, megawati 248. Linganisha, nawe utashangaa mara mbili: injini moja ya Emma Mærsk yaishinda Mwadingusha yote kwa kidogo, lakini Nseke yazishinda injini tatu kama hizo. Na mashine moja huko ikisimama, mama aliyepeleka mahindi kusaga hurudi na ndoo yake kama alivyokwenda.

Lakini katika habari zote za injini, ile tuipendayo kupita nyingine si ya injini kubwa. Ni ya merikebu Liemba ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kalemie. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja katika makasha kama 5,000 hata Dar es Salaam, kisha Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yakikaribia, Wajerumani waliamriwa kuizamisha. Mafundi walitii. Lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nzito, kila kiungo, ndipo wakaijaza mchanga na kuiacha ishuke. Wabelgiji walipata kuiinua, ikazama tena. Mwisho Waingereza waliitoa mwaka 1924. Miaka karibu minane ilikuwa imepita. Walipofungua injini zile za mvuke walizikuta nzima. Mwaka 1927 merikebu ilirudi kazini, na injini zile zile ziliisukuma mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli mahali pake.

Tulipokwisha kusimulia hayo, mwenye teksi alisema kwa mara ya kwanza. "Papa, hiyo grisi yao ilikuwa ya bei gani?" Hakuna aliyecheka.

Juzi tulipita tena garajini. Duara la chaki lilikuwapo bado, limefifia upande mmoja ambapo magari hupita. Teksi nayo ilikuwapo, imepandishwa juu ya mawe, mahali pa injini pakiwa wazi. Mwenyewe hakuwapo. Walituambia kwamba huendesha gari la mtu mwingine usiku, na kila Jumamosi huja na fedha kidogo, ambazo fundi mkuu huziandika katika daftari.