Gari haliwaki? Usikimbilie kununua betri

Kuna ile asubuhi ambayo kila mwenye gari anaijua: saa kumi na moja na nusu, unataka kuwahi foleni, unazungusha ufunguo, gari limegoma. Ndani ya dakika tano majirani wameshajaa na kila mmoja ni fundi. "Betri hiyo kaka, imekwisha."

Mimi niliambiwa hivyohivyo na fundi kabisa, nikanunua betri mpya siku ileile. Siku ya nne gari likagoma tena. Kumbe alterneta ndiyo ilikuwa haichaji, na ile betri mpya nayo ikatumika mpaka ikalala. Nikalipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua pochi nasikiliza kwanza. Gari lisilowaka huwa linasema lina nini, ila ni lazima unyamazishe redio, na majirani pia.

Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka huku taa za dashibodi zinafifia, ujue umeme haufiki wa kutosha. Inaweza kuwa betri kweli, lakini anza na vichwa vyake. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, au kichwa kinacheza ukikishika kwa mkono, huenda shida yako ni hiyo tu. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, mwagia maji ya moto taratibu (ule unga usikurukie machoni), piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha ukianza na chanya, kaza. Gharama yake ni msasa.

Vichwa vikiwa safi na bado linalia hivyo, tafuta mita, ile ndogo ya fundi umeme. Betri nzima iliyopumzika usiku inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imelala. Gari likishawaka pima tena, maana hapa ndipo nilipoliwa mimi. Alterneta nzima itakupa kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona inabaki 12 na ushee huku injini inanguruma, achana na duka la betri, mwite fundi umeme aangalie alterneta na mkanda wake. Mita ile ingeniokolea hela ya betri nzima.

Ukiamua kubusti, waya mwekundu bana kwenye chanya ya betri iliyolala, halafu chanya ya betri nzima. Mweusi anza na hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho bana kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Watu wengi wanabana palepale kwenye hasi ya betri iliyolala, inatoka cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kusukuma je? Gari la manyuo sawa, weka gia ya pili uachie klachi. La otomatiki mtasukuma mpaka jioni, haliwaki.

Sasa kuna ile "tak!" moja nzito, taa ziko kali kama kawaida. Hapo mtuhumiwa ni stata. Mwambie mtu azungushe ufunguo huku wewe unaigonga kidogo na kipande cha mti (gari liwe kwenye P au gia huru, na handibreki juu). Likiwaka, mara nyingi kaboni za ndani zimeisha. Fundi atakwambia nunua stata nzima, lakini mwambie aifungue kwanza mbele yako, kaboni zinabadilishwa zenyewe. Na kama hakuna hata tak, jaribu kuwasha gari la otomatiki likiwa kwenye N badala ya P. Nimeona watu wakivutwa na breakdown kumbe gia haijakaa sawa tu!

Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, betri na stata viache kabisa. Weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha, usikilize kule nyuma: magari mengi ya petroli pampu inavuma kama sekunde mbili. Kama kimya, angalia fyuzi ya pampu, kisha pampu yenyewe. Na hapa tuambiane ukweli, sisi wa kuweka mafuta ya elfu kumi kumi tunaziua hizi pampu wenyewe. Ipo ndani ya tenki na inapozwa na mafuta hayohayo, ukitembea na taa ya mafuta kila siku inachemka. Taa ya ufunguo ikiwa inapepesa kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa akiba, pengine gari haliitambui chipu.

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kujaribu chochote. Umepita kwenye maji, tuseme Jangwani siku ya mvua, gari likazima katikati. Usizungushe ufunguo hata mara moja! Kama maji yameingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Injini iliyokuwa inahitaji kukaushwa tu inakuwa chuma chakavu. Toa waya hasi wa betri, lisukumeni mpaka pakavu, ufungue boksi la chujio la hewa. Chujio likiwa limelowa, fundi atoe plagi zote kabla injini haijazungushwa, maji yatokee humo.