Michezo ya video kwa intaneti: Kwa nini shaka haijaisha

HUDUMA ya Stadia, ambayo kampuni ya Google iliizindua Novemba 2019 kwa mbwembwe nyingi, ilizimwa Januari 18, 2023 baada ya kudumu kwa takribani miaka mitatu na miezi miwili.

Ahadi yake ilikuwa tamu. Mtu hangehitaji tena kununua mashine ya mamia ya dola na kuiweka chini ya runinga, wala diski, wala kungoja saa nzima mchezo upakuliwe. Kazi yote ingefanywa na tarakilishi zilizo katika vituo vya Google, naye mchezaji angeletewa picha tu kupitia intaneti ya nyumbani, jinsi anavyoletewa filamu.

Kuna waliotikisa vichwa tangu siku ya kwanza, na walikuwa na sababu. Stadia ilitangazwa Machi 2019 jijini San Francisco, katika kongamano la kila mwaka la watengenezaji wa michezo ya video. Miaka kumi kamili awali, Machi 2009, katika jiji hilo hilo na katika kongamano lilo hilo, mjasiriamali Mmarekani Steve Perlman alikuwa ametangaza huduma ya OnLive kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo. Siku chache tu baadaye tovuti ya Eurogamer ya Uingereza ilichapisha makala iliyodai waziwazi kwamba jambo hilo haliwezekani.

OnLive ilianza kazi nchini Marekani Juni 2010. Agosti 2012 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake na kuuzwa kwa wamiliki wapya, na Aprili 30, 2015 ikafungwa kabisa. Kilichosalia, yaani hataza zake, kilinunuliwa na Sony.

Je, ni kitu gani kilichowashinda matajiri hawa, ilhali filamu na muziki hupita katika nyaya zizo hizo bila taabu?

Jibu limo katika tofauti moja ambayo matangazo ya biashara hupenda kuiruka. Filamu imekwisha kutengenezwa. Mtazamaji anapoanza kuitazama, kifaa chake hutangulia kuchota dakika kadhaa za mbele na kuziweka akiba. Intaneti ikiyumba kidogo, akiba hiyo huliwa na mtazamaji hatambui lolote. Mchezo wa video hauna akiba. Picha itakayofuata haipo popote ulimwenguni mpaka mchezaji abofye kitufe: akienda kulia kuna picha moja, akienda kushoto kuna nyingine. Huwezi kuchota mbele kitu ambacho hakijazaliwa.

Kwa hivyo kila kitufe kinapobofywa, ishara husafiri kutoka kwa kidhibiti hadi ruta ya nyumbani, kisha hadi kituo cha seva. Huko mchezo huamua kilichotokea, huchora picha, huibana ili iwe nyepesi na kuituma. Runinga ya nyumbani huifumua na kuionyesha. Mchezo wa kawaida hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina muda usiotimia milisekunde 17, yaani elfu 17 za sekunde ukiigawa sekunde moja mara milioni.

Haki itendeke: hata mashine iliyo chini ya runinga huchelewa kidogo baina ya kitufe na picha, na runinga nyingi huongeza uchelewaji wao. Mchezaji amezoea hayo. Swali ni kiasi ambacho safari ya nyaya inaongeza juu yake.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, thuluthi mbili ya kasi yake angani, na hakuna mhandisi anayeweza kuuhimiza. Kila kilomita 100 za umbali hugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Perlman alilijua hilo vyema. Alisema mteja wa OnLive alipaswa kuwa ndani ya kilomita 1,600 hivi kutoka kituo cha seva, na ndiyo maana alianza na vituo kadhaa katika pembe mbalimbali za Marekani.

Kipimo hicho cha kilomita 1,600 kinamhusu msomaji wa Nairobi au Mombasa pia. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake vya seva Machi 2019, ni kilomita 2,900 hivi kwa mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka lakini haupo. Mawasiliano huteremka kwanza hadi Mombasa, huingia baharini na kuambaa pwani ya Afrika, na nyaya za SEACOM na EASSy huibukia Mtunzini katika jimbo la KwaZulu-Natal kabla ya kupanda bara. Hadi London ni kilomita 6,800 kwa ndege, na zaidi kwa waya. Hata kama waya ungenyooka kama rula, safari ya kwenda na kurudi London ingemeza milisekunde 68, kabla seva haijachora chochote.

Ikumbukwe kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya nyaya za kwanza za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, mawasiliano ya Kenya na ulimwengu yalipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda, kushuka, na jibu kurejea kwa njia hiyo hiyo ulichukua karibu nusu sekunde. Barua pepe haikujali, lakini mlinda lango wa mchezo wa kandanda angekuwa amekwisha kufungwa.

Kuna jambo lingine linalomsumbua mchezaji kuliko hata umbali wenyewe, nalo ni kutotabirika. Abiria ambaye matatu yake huchukua dakika 40 kila siku hujipanga. Yule ambaye matatu yake leo huchukua dakika 25 na kesho 90 ndiye hukosa kazi. Vivyo hivyo kwa intaneti ya nyumbani. Mtu akifungua video chumba cha pili, au jirani akitumia masafa yale yale ya waifai, ishara ya mchezaji hungoja foleni. Kasi inayotangazwa na kampuni za intaneti, ziwe megabiti 10 au 100 kwa sekunde, haisemi lolote kuhusu foleni hiyo. Barabara pana si barabara fupi.

Sharti la kuwa karibu na mteja ndilo pia lililoharibu hesabu ya fedha, na jambo hili halikuzungumziwa vya kutosha. Filamu moja ikihifadhiwa katika seva moja huwahudumia watu maelfu kwa wakati mmoja. Mchezo hauko hivyo; kila mchezaji anahitaji fungu lake la tarakilishi yenye nguvu kwa muda wote anaocheza. Watu nao hucheza saa zile zile, jioni baada ya kazi na shule. Mwenye huduma hulazimika kununua mashine za kutosha umati wa jioni, kisha nyingi zikae bure alfajiri.

Angeweza kuzikodisha usiku kwa wachezaji wa bara jingine ambako ni jioni? La, kwa sababu ya umbali ule ule. Mashine zinazolala California haziwezi kumfaa mchezaji wa Nairobi.

Athari za gharama hiyo zingali zinaonekana. Nvidia, ambayo huduma yake ya GeForce Now ni miongoni mwa zilizonusurika, iliweka kikomo cha saa 100 kwa mwezi kwa wateja wapya kuanzia Januari 2025. Mwenye mashine yake nyumbani hawekewi kikomo na yeyote, isipokuwa labda mzazi wake.

Mteja naye ana gharama zake. OnLive ilipendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha nzuri, sawa na gigabaiti 2.25 kwa saa. Wakati huo kampuni ya Comcast, mojawapo ya watoaji wakubwa wa intaneti nchini Marekani, ilikuwa imeweka kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi tangu Oktoba 2008. Kucheza chini ya saa nne kwa siku kungelimaliza fungu lote la familia. Stadia ilihitaji megabiti 35 kwa picha za kiwango cha juu kabisa, zaidi ya gigabaiti 15 kwa saa. Kwa anayenunua bando kwa gigabaiti, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Hata hivyo, waliotilia shaka hawakupata yote. Mwaka wa 2009 walishikilia kwamba picha zenye ubora haziwezi kubanwa papo hapo kwa haraka inayotakiwa. Leo kazi hiyo hufanywa kwa milisekunde chache na kijisehemu kidogo cha kadi ya kawaida ya tarakilishi. Na mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi hadi Sony ikauondoa dukani kwake, walioucheza kwa Stadia waliuona ukienda vizuri kuliko wenzao waliokuwa na mashine za zamani za PlayStation 4. Anayeishi karibu na kituo cha seva na mwenye waya mzuri hana sababu ya kulalamika. Michezo isiyo na haraka, kama ile ya kupanga mikakati kwa zamu, huvumilia hata umbali mkubwa.

Lililowaponza wauzaji ni kuzidisha chumvi. Mwaka wa 2019 Majd Bakar, aliyesimamia uhandisi wa Stadia, alitabiri kwamba katika muda wa mwaka mmoja au miwili michezo ingekwenda kwa wepesi zaidi katika huduma hiyo kuliko katika mashine ya nyumbani, mojawapo ya mbinu ikiwa seva kubashiri kitufe ambacho mchezaji atabofya. Miaka miwili ikapita, na Stadia ikawa imefunga studio zake za kutengeneza michezo.

Wanunuzi wa huduma hizi mbili hawakuishia pamoja. Google ilitangaza Septemba 29, 2022 kwamba ingewarudishia wateja fedha za vifaa vilivyonunuliwa katika duka lake na za michezo iliyonunuliwa katika Stadia, ila si ada za kila mwezi. Kidhibiti chake, ambacho awali kiliunganishwa na seva kwa waifai, kilitolewa programu ya kukibadilisha kitumike na tarakilishi nyingine kwa bluetooth.

Waliokuwa wamenunua michezo kwa OnLive hawakurudishiwa fedha. Mchezo waliolipia haukuwahi kukaa nyumbani kwao hata siku moja, na seva zilipozimwa, haukuwepo tena mahali popote walipoweza kuufikia.